Kikaango cha Bibi Bila

Siku niliyojua ukweli wa kikaango changu ilikuwa Alhamisi, na harusi yetu ilikuwa imebakiza siku ishirini na tatu. Nakumbuka idadi kwa sababu dada yangu alikuwa akizikata moja moja kwenye kalenda ya jikoni, na asubuhi ile aliikata ya jana bila kunisemesha.

Tulikuwa tumegombana. Juzi yake nilikuta chembe za mkate kwenye ubao wangu wa kukatia, au nilidhani ni chembe za mkate, nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nilimwambia dada anataka kuniua kabla sijaolewa. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka tisa, ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, na tangu nipatikane na ugonjwa huu alikuwa akila mkate wake nje, amesimama kwenye ngazi kama mtu anayevuta sigara kwa siri. Alichukua ule ubao akautupa kwenye pipa la taka, akaingia chumbani kwake.

Ugonjwa wangu unaitwa siliaki. Mwili wangu ukikutana na ngano, shayiri na jamaa zao, unajigeukia wenyewe na kuuchubua utumbo. Mkosaji ni kitu kinachoitwa gluteni, kile kinachofanya unga wa ngano uvutike unapokandwa. Hakuna kidonge. Dawa ni kutokula, na kutokula maana yake hata vumbi lake usilile, hata kijiko kilichokoroga unga kikapanguswa tu.

Mwaka mzima nilikuwa nimepona. Kisha, ghafla, nikarudi kulekule. Vidonda mdomoni, tumbo limejaa kama ngoma, usingizi unanishika nikiwa nimesimama. Kazini kwangu, kwenye duka la miwani, nilikata lenzi mbili kwa vipimo vya mtu mwingine. Siku moja nilianguka chooni, wenzangu wakavunja kitasa. Nilipima damu, majibu yakawa mabaya.

"Unakula wapi siku hizi?" daktari aliniuliza.

"Nyumbani. Na mchana nakula kwa mchumba wangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Anauza chakula kwenye gari."

Daktari aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Huko usitie shaka," nikamwambia. "Huko ni salama kuliko kwangu."

Nilisema hivyo kwa majivuno. Sasa nikiikumbuka sauti yangu ya siku ile, natamani ningekuwa na mtu wa kuniziba mdomo.

Watu walimwita Koleo, kwa sababu koleo la kugeuzia nyama halikumtoka mkononi, hata akikuonyesha njia alikuonyesha kwa koleo. Gari lake lilikuwa la tatu kati ya matano yaliyoegeshwa kwenye uwanja wa mbele ya maabara, ng'ambo ya duka letu. Kabla sijamjua nilipita pale nikinusa tu. Wauzaji wengi ukiwauliza wanakujibu kabla hujamaliza: hakuna ngano hapa, dada, kula bila wasiwasi. Ukisogea karibu unaona kisu kilichokata mkate kinakata nyama.

Siku niliyokwenda kwake alikuwa ndiyo kwanza anafungua dirisha. Nilichagua saa ile makusudi, kabla bamba la kukaangia halijachafuka.

"Nataka chipsi," nikasema. "Bila mchuzi, bila soseji, bila mkate. Halafu naomba kuuliza, karai hilo mnakaangia nini kingine?"

"Kuku wa unga."

"Mafuta hayohayo?"

"Hayohayo." Akaliweka koleo chini. "Kwani vipi?"

Nikamweleza, kwa kifupi, kwa aibu ya mtu anayeeleza habari za tumbo lake kwa mwanaume mzuri. Nyuma yangu kulikuwa na mtu anagonga gonga funguo zake.

"Basi usile," Koleo akasema.

"Nisile?"

"Leo usile hapa. Karai ni moja, bamba ni moja, na mimi mwenyewe nina unga mpaka kwenye nyusi. Nipe mpaka kesho kutwa."

Hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia nisile. Nilirudi dukani na njaa yangu, nikafanya kazi mpaka saa kumi nikitabasamu kama mwehu.

Kesho kutwa yake alikuwa amenunua kikaango kipya cha chuma chenye mfuniko, mwiko wake, na kitambaa chake chenye mistari ya buluu. Aliweka jiko dogo la gesi pembeni mwa mlango wa nyuma, mbali na mfuko wa unga. Chakula changu kilikuwa cha kwanza kila siku, kabla mfuko huo haujafunguliwa, na kabla ya kukigusa alinawa mpaka kwenye viwiko kama daktari wa upasuaji. Mayai mawili, kipande cha kuku, viazi. Nilikula pale pale nimesimama, yeye akiniangalia mdomo.

"Wewe kila kitu kwako ni bila," akasema. "Nitakuita Bibi Bila."

Miezi kumi na minne nilikula kwenye kikaango kile. Alinichumbia hapo hapo, mikono imelowa maji, hana pa kuifutia.

Kwetu hawakufurahi. Shangazi yangu alisema, "Wanaume wote umewakosa, ukaenda kwa muuza chakula, na chakula chenyewe huli." Lakini shangazi ukimwacha aseme, husema akachoka. Kazi ilikuwa kwa mama yake Koleo. Yeye na mwanawe walifanya kazi pamoja ndani ya gari lile, yeye kwenye unga na karai, Koleo kwenye bamba na dirisha. Mwaka mzima hakuniita kwa jina wala kwa cheo.

"Nimelisha watu miaka thelathini," alikuwa akisema, akiwa ananipa mgongo. "Wengine nimewalisha mpaka wakanenepa wakasahau salamu. Hakuna aliyekufa. Huyu mwanangu anamtaka, chakula changu hakitaki. Sijawahi kuona."

Kisha akabadilika. Ilikuwa wiki nne kabla ya ile Alhamisi. Koleo alimpeleka kwa daktari mmoja, akaonyeshwa picha ya utumbo wa mtu mwenye siliaki. Alirudi amenyamaza. Siku ya pili alinishika mkono dirishani, mbele ya wateja, akaniita mkwe.

"Hicho kikaango chako niachie mimi," akasema. "Mwanaume hajui kusafisha chombo."

Nililia. Nilikwenda nyumbani nikamwambia dada yangu, naye akanikumbatia, tukafungua kalenda tukahesabu siku.

Alhamisi hiyo umeme ulikatika dukani. Mashine ya kusaga lenzi ikazimika, bosi akasema mwenye pa kwenda aende. Ilikuwa saa nne na nusu. Sikuwa na kawaida ya kwenda kwenye gari kabla ya saa tano, lakini nilikuwa nimechoka, nilitaka mahali pa kukaa. Nikazunguka nyuma, ambako mlango uliachwa wazi kupitisha hewa.

Mama alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kikaango changu mapajani. Mkono wake wa kulia ulikuwa mweupe mpaka kwenye kifundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Leo umeniwahi. Njoo uone unavyotunzwa. Njoo bwana, siumi."

Alizamisha mkono kwenye mfuko wa unga wa ngano wa kupakia kuku, akatoa ngumi nzima, akaimwaga ndani ya kikaango. Akaanza kusugua kwa kiganja, akizungusha, akikandamiza kwenye kona. Unga ulinyonya mafuta ya jana ukawa wa kijivu. Akaukung'uta nje ya mlango, akafuta kwa kitambaa changu cha mistari ya buluu, akapuliza, akatazama, akachota tena.

"Chuma hakipendi sabuni," akasema. "Ukikitia sabuni kinashika kutu, na mayai yanaganda. Unga ndio unaobeba uchafu wote. Mama yangu alinifundisha nikiwa sijafikia hata kimo cha meza. Hivi vyombo vingine navipitisha tambara tu, wateja watanisamehe. Chako ndicho nakipa unga, maana kwenye picha ya daktari niliona tumbo lako halitaki uchafu. Na unga wenyewe huuli, naukung'uta wote."

"Kila siku, mama?"

"Kila siku ya Mungu. Chungulia, utajiona."

Nikachungulia. Kweli kiling'aa, nikajiona.

Sikumkasirikia. Nilimtazama mgongo wake, ule mgongo ulionigeukia mwaka mzima, umeinama kwa ajili yangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie, pole pole, kwamba unga ule ndio wenyewe. Hapo Koleo akatokea ubavuni mwa gari, mtungi wa gesi begani.

Aliona kikaango. Akaona mkono wa mama yake. Kisha akaniona mimi. Nilingoja ashtuke, aangushe mtungi, apige ukelele. Hakushtuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyefumaniwa.

"Naomba tuongee," nikasema.

Tulisimama katikati ya gari lao na gari la jirani, penye mitungi mitupu. Ni upenyo mwembamba, mabega yetu yalikuwa karibu yagusane.

"Ulikuwa unajua."

"Punguza sauti."

"Nakuuliza. Ulikuwa unajua?"

Aliutua mtungi aliokuwa nao begani. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya tatu, ya nne. Nilimkuta."

"Wiki tatu na siku kadhaa basi."

"Nilikuwa nakiosha tena, Bibi Bila. Akigeuka tu nakiosha kwa maji ya moto, nakisugua, nabadilisha kitambaa. Wallahi nilikuwa nakiosha."

"Kila siku?"

"Siku nyingi," akasema.

"Siku nyingi."

"Kuna siku foleni inakuwa ndefu. Kuna siku namkuta ameshaweka mayai. Ningefanyaje, nimnyang'anye mbele za watu?"

"Nilipoanguka chooni kazini, ilikuwa siku nyingi au siku ya foleni?"

"Usiseme hivyo."

"Nataka kujua tu. Wewe ndiye uliyekuja kunichukua. Ulinibeba mpaka kwenye teksi. Ulikuwa unajua kilichoniangusha?"

"Nilidhani labda ni kitu kingine. Ulisema mwenyewe labda ni chai ya ofisini."

"Nilisema kwa sababu sikujua. Juzi nimemwambia dada yangu anataka kuniua. Ulikuwepo. Ulikuwa umekaa mezani unamenya chungwa. Ukamaliza kumenya, ukanigawia nusu."

Aliweka kiganja chake usoni. Nilikipenda kiganja kile. Kilikuwa na alama ya kuungua penye kidole gumba, ndogo, ya umbo la maharage.

"Sikiliza," akasema. "Hujui mama alivyofanyiwa. Bibi mzaa baba alimwaga chakula chake mbele ya wageni, sufuria nzima, akasema mikono yake ni michafu, hawezi kula uchafu. Nilikuwa na miaka sita, mimi ndiye niliyeokota. Mama hakupika tena ndani ya nyumba ile mpaka baba anazikwa. Ndiyo maana ya gari hili, kama hukujua. Leo nimwendee nimwambie, mama, mikono yako imemtia mkwe wako ugonjwa? Na ndiyo kwanza amekukubali. Mwezi haujaisha."

"Kwa hiyo ulipanga nini?"

"Harusi ipite kwanza. Halafu ningeleta kikaango kingine, niseme hiki kimepasuka."

"Chuma."

"Bibi Bila."

"Chuma kimepasuka. Mwanamke aliyekaa jikoni miaka thelathini, umwambie chuma kimepasuka."

Karibu tucheke. Nasema kweli, kilikuja kicheko mpaka kwenye midomo yetu wote wawili, na kama tungekiachia sijui maisha yangu yangekuwaje. Lakini tumbo lilinikata wakati ule ule, nikashika ubavu wa gari.

"Mwambie sasa," nikasema. "Nitakuwa hapo hapo. Hatutamlaumu. Tutamwambia wote wawili kwamba hakujua, na ni kweli hakujua. Atalia, atanyamaza."

"Nipe mpaka Jumapili. Nyumbani, ametulia."

"Mpaka Jumapili nile nini?"

"Nitakiosha."

"Koleo. Sasa."

"Kuna wateja," akasema.

Na kweli walikuwepo. Niliwaona kwa pembe ya jicho, wafanyakazi wawili wa maabara wenye makoti meupe. Mama alichomoza kichwa mlangoni.

"Nyie njiwa wawili, maneno ya ndoa hayaishi. Mkwe, chakula chako tayari, leo nimekupikia mimi mwenyewe. Na wewe njoo dirishani, hawa watu wana njaa."

Aliniwekea kiti cha plastiki karibu na ngazi ya gari, na sahani mapajani. Mayai yalikuwa yameiva vizuri, kingo zimekauka kidogo kama ninavyopenda. Sikuwahi kumwambia napenda hivyo. Alikuwa ameona mwenyewe.

"Kula nikuone," akasema, akisimama mlangoni, akijifuta mikono. Koleo alikuwa nyuma yake, ameelekea dirishani, lakini uso kaugeuzia kwangu.

Nilichoma kipande cha yai kwa uma. Nikakiinua. Nikamtazama Koleo, si mama yake, na sikuharakisha. Nilijua kabisa nilichokuwa nikifanya. Nilimtaka aseme lolote. Aseme mama, ngoja. Aseme usile, kama siku ya kwanza. Hata aangushe kitu, amwage mafuta, avunje sahani, ningelipokea hilo kama neno. Uma ulifika kwenye mdomo wangu. Mteja mmoja aliita, "Kaka, mbili za kuku," naye hakugeuka.

"Kula taratibu," akaniambia. "La moto hilo."

Kisha akageuka, akachukua koleo.

Nikaurudisha uma kwenye sahani.

"Nimeshiba, mama," nikasema.

"Umeshiba nini na hujala?"

"Nimeshiba. Asante."

Alisubiri, akidhani namtania. Alipoona nasimama, uso wake ulijifunga kama dirisha la gari lile linavyofungwa jioni, kwa kishindo kimoja.

"Sawa," akasema. "Nilimwambia mwanangu. Nilimwambia huyu atatukubali siku ya kiama. Nenda mama, nenda ukale kwa watu wasafi."

Wale wa maabara waliangalia chini. Niliiweka sahani juu ya kiti. Ningeweza kumwambia pale. Ningetumia maneno kumi tu. Nikajiambia hiyo ni kazi ya mwanawe, yeye ndiye aliyeyaficha, ayafichue mwenyewe. Nikaondoka na haki yangu mkononi, na mwanamke yule nikamwacha amesimama mlangoni akiamini kwamba nimemkinai.

Dada yangu nilimwomba msamaha jioni ile. Nilimweleza yote, akasikiliza akiwa ameegemea jokofu.

"Anakupenda," akasema mwishoni.

"Najua."

"Unampenda."

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa nitakula wapi?" nikamuuliza. Sikuwa nauliza habari ya chakula, naye alielewa. Akaitoa kalenda ukutani, akaikunja, akaisukuma nyuma ya kabati.

Jumapili mchana Koleo alikuja. Nilimjua kwa mlio wa viatu kwenye ngazi. Alibisha mara tatu, akangoja, akabisha tena. Dada hakuwepo. Nilisimama nyuma ya pazia la dirisha la ngazini nikamwona amevaa shati lake la kola, lile alilosema ni la harusi za watu. Alikaa kwenye ngazi muda mrefu, pale pale dada yangu anapokulia mkate. Nilikuwa nimesema moyoni, akibisha tena nafungua. Hakubisha tena. Aliinuka, akajipangusa suruali nyuma, akaenda.

Nilibadilisha njia ya kwenda kazini, mpaka gari lao likahama uwanja ule. Damu yangu ikarudi kuwa nzuri. Nikanenepa kidogo, shangazi akafurahi, akaniletea jina la mwalimu mmoja mjane. Nilikula chakula changu kwenye kopo la plastiki, kwenye chumba cha nyuma cha duka, kila siku, na kilikuwa salama.

Baada ya miezi saba Koleo alishikwa na homa. Alilazwa, ikasemekana anaendelea vizuri, na siku ya tisa akafariki. Nilisikia kwa mmoja wa wale wa maabara aliyekuja kukaza miwani. Alinisimulia kama habari ya mtu wa mbali, nami nikamkazia skrubu zake zote mbili, nikamfutia lenzi, nikamwambia karibu tena. Mazikoni nilisimama nyuma ya watu. Sikumfikia mama.

Alikuja mwenyewe, wiki ya sita. Nilikuwa nimeinamia droo ya fremu, nikasikia mtu anavuta kiti.

"Macho yamekwisha," akasema. "Siku hizi siwezi kujua kama viazi vimeiva, mpaka niguse."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nilimpima. Alisoma herufi kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi. Tulikuwa wawili tu, bosi alikuwa ametoka. Nilimletea trei ya fremu, nikamvalisha moja ya kahawia, nikainama kuangalia kama imekaa sawa juu ya pua. Nyuso zetu zilikuwa karibu sana. Alinuka sabuni na moshi wa mafuta.

"Aliniambia," akasema.

Mikono yangu ilikuwa kwenye masikio yake. Niliiacha hapo.

"Jioni ile ile uliyoondoka. Hatukuwa tumefunga hata gari. Aliniambia yote, kikaango, unga, wiki tatu. Nikamwambia, mpumbavu wewe. Ungeniambia siku ile ya kwanza ningeona aibu ya siku moja. Ningelia, ningeoga, ikatoka. Sasa umenipa ya kufa nayo."

"Mama, hukukosea. Hukujua."

"Najua sikujua. Sijaja kusamehewa na mtoto." Alivuta pumzi. "Nilimtuma kwako Jumapili. Nilimpigia pasi shati mimi. Nikamwambia akikufungulia tu aniite, nije nipige magoti. Nilikaa na viatu miguuni mchana kutwa."

"Alirudi akasema hukuwepo. Nikamwambia rudi kesho. Akasema majirani wamemwambia umehama, hawajui ulikokwenda. Nikaamini, na gari akalihamishia kwingine, sikukanyaga tena huku. Mpaka wiki iliyopita napita hapa nje, nakuona umesimama dirishani unafuta kioo." Alinitazama kupitia fremu ile isiyo na lenzi. "Dada yako naye nimemwona. Mnakaa pale pale. Sasa nataka nikuulize jambo moja, na usinijibu kama yeye. Jumapili ile ulikuwepo?"

Koleo alikuwa amenifichia na mimi. Mtu yule hakuweza kumwacha mtu yeyote aonekane mbaya, hata mimi niliyemkalisha kwenye ngazi. Ningesema sikuwepo, mama angekwenda zake na mwanawe msema kweli, na mimi ningebaki msichana mwema aliyekuwa safarini. Neno lenyewe lilikuwa tayari, jepesi, lingemfaa kila mtu.

"Nilikuwepo," nikasema. "Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona akija na nilimwona akiondoka."

Nje, gari moja lilikuwa likirudi nyuma kwa milio mifupi mifupi. Mama alingoja mpaka likanyamaza. Alivua ile fremu ya kahawia, akaikunja miguu yake polepole, wa kulia, wa kushoto, akairudisha kwenye trei.

"Haya," akasema. "Hii inanibana. Nipe nyingine."